Klabu au mto wa wote: nilivyochagua pa kuvulia trauti

Nilifunga nzi wa manyoya, wale wadudu bandia wanaofungwa kwenye ndoano wawe chambo, kwa miaka sita kabla sijamwona samaki trauti hata mmoja akimmeza. Karakana ilikuwa Nairobi, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu, wanawake ishirini na kitu, kila mmoja ameinamia jiriwa lake, na malipo kwa dazeni. Kazi hii iko Kenya tangu enzi za ukoloni, na nzi wengi wanaouzwa kwenye maduka ya wavuvi Ulaya na Marekani wamepitia vidole vya wanawake kama sisi. Tuliyemfunga sana ni yule anayeitwa Kenya Bug: mwili mweusi wa sufu, waya mwembamba wa rangi ya fedha umezungushwa juu yake, na shingoni kola ya manyoya meusi ya jogoo. Huyo ningeweza kumfunga nimefumba macho. Ungeniuliza samaki anamwonaje, ningekwambia sijui, mimi ni mtu wa dazeni.

Aliyenitoa humo ni mteja. Wakati huo nilikuwa nimeanza karakana yangu mwenyewe, meza nne tu. Akaja mzee mmoja kuchukua oda yake, akamgeuzageuza nzi kiganjani, akauliza, "Na wewe mama, huwa unavua wapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. "Sasa unajuaje kama manyoya haya yamezidi?"

Nililala na hilo swali wiki nzima.

Cha kuchekesha ni kwamba kwetu ni Othaya, na Mto Gura ndio uliotiwa trauti wa kwanza nchini, mwaka 1905. Mayai yalitoka Loch Leven, Scotland, na aliyeyaleta ni Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Nimekulia karibu na mto huo na sikujua lolote. Sisi watoto tulikatazwa kuukaribia kwa sababu una mbio na maji yake yanakata mifupa. Samaki hakuingia jikoni. Mpaka leo mama humwita nyoka wa majini, na ukibisha unaondolewa sahani. Kumbe baridi hiyo na mbio hizo ndizo trauti anazotaka. Anastarehe kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi, yenye hewa nyingi, na yakipita 20 anaanza kuhangaika. Ndiyo maana hapa kwetu utamkuta juu tu: Aberdare, Mlima Kenya, mito ya nyanda za juu za Kericho, Elgon.

Basi nilihitaji maji. Klabu moja upande wa mlima, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kama kilomita tatu za mto na bwawa moja, ada shilingi 38,000 kwa mwaka. Upande wa pili kulikuwa na mito ya msituni na ya hifadhini, ambayo mtu yeyote mwenye leseni na ada ya kuingia anaweza kuvua.

Nilichagua klabu, na sababu ilikuwa woga. Nilisema ni usalama, nikasema ni muda, lakini kweli ni kwamba sikujua hata kutupa mshipi, na sikutaka kujifunza mbele ya vijana wa bodaboda wamekaa darajani. Pia niliogopa nyati. Huo woga wa pili bado ninao na siuonei haya.

Mwaka wa klabu ulikuwa mtamu, nisiseme uongo. Kuna banda la kunywea chai, kuna choo safi, na usiidharau hoja ya choo ukiwa mwanamke na una saa nane za kukaa mtoni. Mto umegawanywa vipande kwa nambari, unaandika jina lako kwenye daftari la lango, na hakuna mtu atakayekuja kukuvurugia maji. Mzee wa lango ndiye aliyenifundisha kutupa. Alinipa pakiti ya majani ya chai, robo kilo, akaniambia niibane kwapani na isianguke. Kila nilipotaka kurusha mkono wote kama ninayetwanga, pakiti ilianguka kwenye nyasi. Asubuhi ya tatu haikuanguka, na mshipi ukanyooka peke yake mbele yangu, ukatua kama uzi wa buibui. Nilipiga kelele. Mzee akasema, "Haya, sasa nirudishie majani yangu."

Nilivua samaki wengi. Daftari langu linasema 41 kwa safari tisa, karibu wote wa bwawani. Wasiwasi ulianza siku moja nilipomshika mmoja na kumtazama mkia. Ulikuwa umelika pembeni, na mapezi yamekuwa vigutu kama mswaki wa zamani. Huyo alikulia kwenye birika la saruji la kituo cha kuzalishia vifaranga vya samaki, akisuguana na wenzake. Wiki iliyofuata nilifika mapema, nikapiga hatua kwenye changarawe ya ukingoni kabla hata sijafungua mfuko wa ufito wa kuvulia. Bwawa likachemka. Samaki walikuja mbio hadi miguuni pangu, midomo juu.

Mzee wa lango alicheka mpaka akashika uzio. "Wanadhani umekuja na ndoo."

Siku hiyo nilifanya jaribio. Nilimtupa Kenya Bug mwenye mizunguko minne ya unyoya, akamezwa. Nikatupa mwenye miwili, akamezwa. Nikafunga ndoano yenye kipande cha uzi mwekundu tu, bila umbo la mdudu yeyote aliyeumbwa, naye akamezwa. Mimi niliyekwenda kutafuta jibu la manyoya nilikuwa nimelipa shilingi 38,000 kuwauliza samaki ambao jibu lao ni ndiyo kwa kila kitu.

Wapo watu ambao samaki wa namna hiyo ndio wanaowafaa. Nina shemeji anayetaka mambo matatu tu: samaki, nyama choma na mtandao. Bwawa la klabu linamtosha, na akiniuliza namwambia alipe. Lakini asijidanganye kuhusu anacholipia. Mimi nilidhani nalipia mto. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inaweka mito na maziwa kwenye ardhi ya umma. Nilimtupia mzee wa lango hoja hiyo kama wakili. Akanijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye redio yake: "Mto si wetu. Nyasi unazokanyaga ndizo zetu." Na ni kweli. Klabu inauza njia ya kufika majini, ukimya, na orodha ya watu ambao hawataruhusiwa kupita. Njia hiyo pia inafungwa. Mara mbili niliamka saa tisa usiku, nikaendesha kutoka Nairobi, nikafika nikaambiwa vipande vyote vimechukuliwa na wageni wa kampuni fulani. Ujumbe wa kunijulisha ulitumwa kwa barua pepe usiku uleule.

Mwaka wa pili sikulipa ada. Nikaenda kwenye mito ya wote, na safari ya kwanza ilikuwa aibu tupu.

Nilikwenda Mto Thego mwezi wa pili, wakati wa kiangazi, nikijua maji yatakuwa safi. Yalikuwa safi kweli, tena hayakufika juu ya kifundo cha mguu. Huko juu watu wana mifereji na pampu za kunyweshea viazi na kabichi, na kiangazi kila mtu anachota kwa wakati mmoja. Ng'ombe walikuwa wakivuka pale nilipopanga kuvulia. Mbele kidogo vijana wawili waliponiona walikunja wavu haraka wakaingia vichakani, na mimi nikajifanya sikuona, maana nilikuwa peke yangu. Sikupata kitu. Kurudi, gurudumu likapasuka kabla ya Karatina. Nilimkumbuka mzee wa lango na chai yake.

Kosa lilikuwa langu. Klabu ilinifundisha kwamba unafika tu na maji yapo. Mto wa wote unataka uulize kwanza. Sasa sianzi safari bila kumpigia simu mtu anayeishi kando ya mto wenyewe: maji yako wapi, mvua imenyesha juu au chini, tembo wameonekana upande gani. Nambari hizo nilizikusanya polepole, kwa mwenye duka, kwa mwendesha bodaboda, kwa askari wa msitu, na ninazithamini kuliko ufito wangu.

Safari ya nne ndiyo iliyokata shauri. Nilipanda Aberdare kupitia lango la Kiandongoro, juu kule kwenye nyika ya karibu mita 3,000, nyasi za mafungu na ukungu unaotambaa chini kama moshi wa kuni mbichi. Kutembea kwa miguu ni lazima uwe na askari mwenye bunduki, na gharama yake ni juu yako. Nilipewa kijana mpole asiyependa maneno. Nilimwita afande, naye akaniita madam mpaka mwisho. Alipanda juu ya jiwe, akaupa mto mgongo, macho kwenye vichaka. Mimi nilitazama maji na yeye alitazama nyati, na kwa mara ya kwanza niliweza kuvua bila kugeuka nyuma kila dakika.

Maji ya Mto Magura ni ya rangi ya chai isiyo na maziwa, lakini ukiinama unaona kila kokoto. Yanakimbia kati ya mawe, na nyuma ya kila jiwe kuna kijitulivu kidogo, pengine ukubwa wa sufuria. Huko ndiko samaki anakaa, chakula kinampitia pembeni naye anachomoa kichwa tu. Nilimtupa Kenya Bug wangu, yuleyule wa dazeni, juu ya jiwe ili mkondo umshushe. Akapita kwenye kijitulivu. Hakuna kitu. Nikarudia mara kumi, labda kumi na tano. Kisha nikapiga magoti nimwangalie nzi mwenyewe anavyopita, na nikaona. Alikuwa hazami. Manyoya ya kola yalikuwa mengi, yameshika maji kama mwavuli, na mkondo ulikuwa ukimsukuma juujuu kwa kasi. Samaki yuko chini, sentimita arobaini, na chakula kinapita darini.

Nilitoa mkasi mdogo ninaoutumia karakanani. Nikakata. Nilibakisha nyuzi chache tu, zinazohesabika, nzi akawa mnyonge, mdudu aliyenyeshewa. Ningemwona kwenye meza ya mfanyakazi wangu ningemrudisha. Nikatupa juu ya jiwe lile lile. Mshipi ukasimama katikati ya maji, kama umenasa kwenye mzizi. Nikainua ufito na mzizi ukakimbia.

Hakuwa mkubwa. Nilimpima kwa kiganja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, akazidi kidogo. Lakini mapezi yake yalikuwa kamili, makali kama karatasi mpya, ubavu wa rangi ya asali, na madoa mekundu, kila doa na duara lake jeupe, kana kwamba mtu alikaa akayachora moja moja. Trauti wa mistari ya waridi ni wa aina nyingine, aliyekuja baadaye. Huyu mwenye madoa mekundu ndiye mjukuu wa mayai ya Loch Leven. Nilimrudisha majini. Afande aligeuka kwa mara ya kwanza siku ile. "Madam, umemwacha?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona pesa zikitupwa.

Mwaka huo daftari linasema safari 11, samaki 17. Kwa hesabu ya kichwa kwa kichwa klabu ilinipa zaidi. Kwa fedha hazikupishana sana. Mafuta, ada za hifadhi, leseni na askari vilinifikisha karibu shilingi 4,500 kwa siku, na klabu, ukigawa ada kwa zile siku tisa nilizovua, ilikuwa 4,200 kabla ya mafuta. Anayekwenda kila wiki, klabu itamtokea rahisi. Mimi nina karakana na watoto wa dada yangu, kwa mwaka siku kumi na moja ni bahati.

Klabu lakini sikuiacha kabisa. Masika yakifika, mwezi wa nne na wa tano, mito yote ya huku inakuwa uji wa udongo mwekundu, na samaki hawezi kumwona nzi hata umpitishe puani. Bwawa halichafuki hivyo. Nilimwandikia katibu nikamwomba bei ya siku moja moja. Akajibu kwamba hawana utaratibu huo, na baada ya wiki mbili akajibu tena kwamba wanao. Kwa hiyo masika nampeleka mpwa wangu, mwenye miaka kumi na miwili, akabane majani ya chai kwapani. Yeye anawapenda samaki wale wanaokuja mbio. Nami sitamharibia mapema.

Mzee mteja nimempelekea oda yake mpya, dazeni arobaini, kola mizunguko miwili badala ya minne. Wasichana wangu karakanani hawajafurahi. Wanasema wateja watadhani tunawaibia manyoya.