Siku tuliyompeleka mama sarakasi

Neumarkt ni uwanja ulio katikati ya Köln, Ujerumani, umezungukwa na tramu pande zote, na hapo ndipo Circus Roncalli hupiga hema lao wakija mjini. Kuja si neno la haki sana, maana kwao ni hapahapa Köln, ng'ambo ya mto, Mülheim. Waanzilishi wake, Bernhard Paul na mwenzake, walianzia Bonn mwaka 1976. Sisi tulikwenda 2018, msimu wao wa kwanza bila mnyama hata mmoja. Simba na jamaa zake walishaondolewa 1991, walikuwa wamebaki farasi, na sasa farasi nao wamepumzishwa. Ukisimama Neumarkt huhitaji kuelezwa kwa nini. Farasi atakimbilia wapi pale, kwenye reli?

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Voi, Kenya. Baba watoto alikuwa kazini, kwa hiyo tulikuwa mimi, mama na vijana wangu wawili.

Langoni wanasarakasi wenyewe ndio wanaokupokea, wamevaa mavazi yao ya jukwaani. Mmoja akawarushia watoto vikaratasi vya rangi, mwingine akawatia doa jekundu puani. Akamgeukia mama na brashi yake. Mimi nikaanza kutafuta Kijerumani cha kuomba radhi, lakini mama alikwisha toa kitambaa, akapangusa pua, akaiinua kama mtu aliye kwa daktari. Alikaa na lile doa mpaka usiku.

Halafu akaja ndovu, na najua mtaniuliza, kwani si hawana mnyama hata mmoja? Ni wa mwanga tu. Wanashusha neti nyembamba kuzunguka uwanja, projekta 11 zinaipiga picha kutoka kila upande, na kila aliyekaa anamwona ndovu mzima mbele yake. Akasimama kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikaenda juu. Wakapita farasi, halafu samaki wa dhahabu mkubwa kuliko gari. Watu wote wakasema “Aaah!”

Mama hakusema aaah. Watu wa Voi wana yao na ndovu. Shamba letu limewahi kulimwa kwa usiku mmoja na kundi lililotoka mbuga ya Tsavo, na nimekua nikisikia mabati yakigongwa saa nane za usiku huku watu wakiwapigia KWS, watu wa wanyamapori, simu isiyopokewa. Alimtazama yule wa Köln kwa makini, kisha akaniinamia: “Huyu angalau hali mahindi.”

Mimi sikuipenda sana ile sehemu. Ilipendeza, sikatai, lakini ukishaamua kuachana na wanyama, achana nao. Kuleta picha zao ni kama kuomba msamaha kwa watazamaji, na hakuna aliyekuwa amewadai. Mwanangu mdogo, wa miaka sita, alichotaka kujua ni nani anaikunja ile neti.

Kilichotushika ni watu. Kulikuwa na ndugu waliolala chali kwenye viti vilivyoinama, miguu juu, wakirushiana wenzao kwa nyayo. Mtu mzima anajikunja kama mpira, anapaa, anapinduka mara mbili hewani na kutua kwenye nyayo za mwenzake akiwa amekaa, na bendi inapiga hapohapo bila kanda. Nilikuwa nimeshika bisi mkononi, sikula hata moja. Na mama, ambaye huko nyuma kanisani husinzia kabla mahubiri hayajaanza, alikuwa ameegemea mbele kabisa.

“Mjomba wako alikuwa akifanya hivi,” akasema.

Mjomba yupi? Wa Mombasa, huyu wa duka la vipuri, mwenye goti bovu. Kumbe miaka ya themanini, kabla sijazaliwa, alikuwa kwenye kikundi cha vijana waliokuwa wakipanda mabega jioni kwenye hoteli za Bamburi, ile minara ya watu ambayo kila aliyefika ufukwe wa Mombasa ameiona. Yeye alikuwa wa chini. Watu wanane juu yake. Mimi nimekua nikiambiwa goti liliumia kwa pikipiki.

“Pikipiki tulimwambia bibi yako,” mama akasema, macho bado uwanjani.

Basi kipindi cha pili sikukitazama vile vile. Kila walipopandana, nilimtazama aliye chini: shingo inavyokaza, vidole vya miguu vinavyotafuta sakafu. Hakuna anayempigia makofi huyo, mwanga wote uko kwa msichana aliyesimama kileleni akipunga mkono.

Tukiwa kwenye tramu watoto wakataka mjomba apigiwe simu sasa hivi. Kenya ilikuwa imekaribia saa tano usiku, akapokea vivyo hivyo, amejifunga kikoi. Mama akamwonyesha pua yake nyekundu. Akacheka, kisha akaanza kuuliza maswali ya kazi. Sakafu ilikuwa mbao au zulia? Wa chini alikuwa na miaka mingapi? Wanalipwa kwa siku au kwa mwezi?

Nikamwambia sijui, labda kwa msimu.

“Sisi tulikuwa tunapewa sahani ya wali, na kofia ikizungushwa kwa wageni tunagawana,” akasema. “Anayepita na kofia ndiye tuliyekuwa tunamchagua kwa makini. Sio wa juu. Mpe simu huyo mkubwa nimwambie kitu kuhusu mabega.”

Simu ikaenda kwa mkubwa, na mpaka tunashuka kituo chetu ilikuwa bado sikioni mwake.