Ukurasa mmoja kila Alhamisi: nilivyowalea wanafunzi wa uzamili

Kila anayefundisha uzamili anamjua mwanafunzi huyu. Mwaka wa kozi anafaulu vizuri, pendekezo lake la utafiti linapita, halafu anapotea. Simu hapokei. Mkikutana kwenye korido anapinda njia. Ada inazidi kumwelemea, muda wa usajili unamwishia, na jina lake linaondoka kwenye orodha bila mtu kuuliza. Nilipokabidhiwa ukuu wa Idara ya Historia katika chuo ninachofundisha hapa Dar es Salaam, jambo hilo lilininyima usingizi kuliko bajeti na ratiba. Wengi wa wanafunzi hao ni walimu wa sekondari walioomba ruhusa ya masomo. Wana familia, na ada wanajilipia wenyewe.

Nilianza kwa kuwatafuta mmoja mmoja na kuwasikiliza. Mvivu sikumwona. Niliwakuta watu waliobaki peke yao na kazi kubwa, wakiona haya kumpelekea msimamizi sura isiyokamilika. Ndipo nikaanzisha kikao cha Alhamisi alasiri, ofisini kwangu, chenye sharti moja: hakuna kuja mikono mitupu. Kila mtu aje na ukurasa mmoja alioandika wiki hiyo, hata kama bado ni mbovu. Ukurasa unasomwa kwa sauti, wenzake wanauliza, mimi nasema mwisho. Hilo la kusema mwisho nililishikilia kwa nguvu zote. Profesa akitangulia, chumba kizima kinakubaliana naye, na mwanafunzi anarudi nyumbani na maoni ya mtu mmoja tu.

Waliorudi vituoni kwao mikoani tuliwapigia simu, tukaiweka mezani sauti ikiwa juu. Mwalimu mmoja wa Lindi alisoma karibu tasnifu yake yote kwa njia hiyo, mara nyingine kengele ya shule ikilia nyuma yake.

Sisi wa historia tuna mfano wa nyumbani ambao huwa nawapa wanafunzi wapya. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Mlimani, hapa Dar es Salaam, walikwenda vijijini, kule kulikopiganwa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wakakusanya masimulizi ya wazee. Miaka hiyohiyo Gilbert Gwassa alikuwa akiwahoji wazee wa Umatumbi kwa ajili ya uzamivu wake. Anayeandika leo kuhusu vita hivyo hawezi kuikwepa kazi yao. Naamini ilifaulu kwa sababu vijana walikabidhiwa kazi ya kweli, yenye watu wanaoingojea.

Binti mmoja, mwenyeji wa Kilwa, alikuwa akichunguza njaa iliyofuata vita hivyo, baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Kwa muda mrefu alituletea kurasa za nadharia, zimepangika vizuri, hazina mtu ndani yake. Alhamisi moja mwenzake akamwuliza, "Dada, na wale akina bibi uliowahoji wako wapi?" Akatoa simu, akatuwekea rekodi. Bibi alikuwa anasimulia aliyoyasikia kwa mama yake: wanawake walivyoingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni, jinsi ya kuutambua mmea wake majani yakishakauka, na nani alipewa kwanza chakula kikiwa kidogo, mtoto au mgonjwa. Katikati ya maelezo jogoo anawika, bibi anamfukuza, kisha anaendelea palepale alipoishia.

Kwenye rasimu, hayo yote yalikuwa mstari mmoja: mhojiwa wa saba alieleza mbinu za kukabiliana na uhaba wa chakula. Nikamwambia, "Binti yangu, anzia sura kwenye ming'oko. Nadharia iite pale utakapoihitaji." Akaandika upya. Baadaye alishinda Nyaraka za Taifa pale Upanga, penseli mkononi, akilinganisha maneno ya bibi na majalada ya maofisa wa kikoloni, na ile sura ikawa ndiyo moyo wa tasnifu yake.

Uongozi wa idara kwa sehemu kubwa ulikuwa kuondoa vikwazo vidogo vinavyomla mtu muda. Vibali, kwa mfano. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo inashuka wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, na mwanafunzi anayeianza safari hiyo akiwa ameshapanda basi atalala gesti akisubiri sahihi. Tukakubaliana maombi yaandikwe siku ileile pendekezo linapopita. Kisha nikabandika ukutani karatasi kubwa yenye jina la kila mwanafunzi na hatua aliyofikia. Baadhi ya wenzangu waliipokea shingo upande, wakaona kama wanakaguliwa. Niliiacha ukutani. Mwanafunzi aliyekwama alionekana na kila aliyepita, na mara nyingi aliyemsaidia hakuwa msimamizi wake.

Msimamizi mwenyewe simlaumu. Mwenye madarasa ya mamia ya wanafunzi na lundo la mitihani ya kusahihisha hawezi kusoma sura nzima kila wiki. Kwa hiyo niliwaingiza wahadhiri vijana wasimamie pamoja na wakongwe. Nikawa mkali pia kuhusu majina kwenye makala zinazotokana na tasnifu: aliyefanya utafiti anatangulia, na msimamizi aliyesahihisha lugha tu hana nafasi humo. Kwenye hilo sikukubali majadiliano, kwa sababu nimeona vijana wenye vipaji wakiacha utafiti moja kwa moja baada ya kazi yao kuchukuliwa.

Ukuu wa idara nimeshaukabidhi. Kikao cha Alhamisi sasa kinaendeshwa na mhadhiri aliyewahi kuketi humo akiwa mwanafunzi, naye amewafungulia mlango wanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza. Chumba hakitoshi, wengine wanasimama. Ameomba ukumbi mdogo wa semina, na barua ya kumuunga mkono nimeiandika leo asubuhi.