Mchanga wa Shoji Ueda

Kwetu Tanga nimeambiwa mara nyingi kwamba mpigapicha asiyehamia Dar es Salaam atasahaulika. Ndiyo maana nilipanda treni ya Yakumo pale Okayama, tukavuka milima ya Chugoku hadi Yonago, upande wa Japani usio na watalii wengi. Nilikuwa namfuata marehemu Shoji Ueda, mpigapicha wa Kijapani aliyebaki kufanya kazi kwao.

Alizaliwa 1913 jirani na hapo, katika mji wa bandari wa Sakaiminato. Baba yake alikuwa akitengeneza na kuuza geta, mitalawanda ya Kijapani. Kijana akaenda Tokyo kusomea picha, akarudi 1932 akiwa na miaka 19, akafungua studio mjini kwao. Hakuhama tena hadi alipofariki mwaka 2000.

Kutoka Yonago nilirudi nyuma kwa treni ndogo hadi Kishimoto, kisha teksi ikanipitisha kwenye mashamba ya mpunga. Makumbusho yake, yaliyofunguliwa 1995, ni majengo ya zege yaliyoachana kama wasichana wanne waliosimama mbalimbali katika picha yake ya 1939. Katikati kuna maji yaliyotulia, yaliyowekwa hapo yaakisi mlima Daisen. Mlima ulikuwa umejifunika wingu. Nikaingia ndani.

Nilisimama sana mbele ya picha ya 1949: yeye, mkewe Norie na watoto, juu ya mchanga wa pwani. Kila mmoja ana nafasi yake, na nyuma yao ni mbingu tupu. Kwa familia yake na mchanga wa nyumbani, mtu huyu alitengeneza picha ambazo hadi leo sijaona mfano wake. Norie alipofariki 1983, Ueda aliacha kupiga picha. Mwanawe ndiye aliyemrudisha, kwa kumpa kazi ya picha za mitindo ya mavazi, na mzee akaipeleka kazi hiyo mchangani.

Wingu lilipopasuka nilikimbilia chumba chenye giza. Lenzi kubwa iliyowekwa huko ikauingiza Daisen ukutani, kichwa chini, na mashamba ya mpunga yakiwa juu yake. Nilikaa hapo mpaka macho yakaniuma.

Kesho yake nilikwenda mashariki, kwenye vilima vya mchanga vya Tottori. Vinanyooka kilomita 16 kando ya bahari. Nilivua viatu nikapanda kile kilima kirefu huku pumzi zikinikatika. Juu, mama mmoja alinipa simu yake kwa ishara, akamkumbatia mwanawe wa kiume, wakasimama wamebanana. Nilitamani kuwaambia waachane kidogo, lakini Kijapani sina. Nikapunga mkono tu. Mtoto akadhani naaga. Akanipungia, akateremka mbio upande wa bahari, mwavuli wake mweusi juu. Mama akamtazama, hakumfuata. Nikabonyeza.