Mahindi ya Barabara ya 26

Jumapili, jioni.

Mchana wa leo nimekwenda tena kula pozole Barabara ya 26, pale Little Village, mtaa wa Wameksiko hapa Chicago. Mgahawa wenyewe ni mdogo: meza chache, televisheni inayoonyesha mpira, picha ya Bikira Maria wa Guadalupe juu ya kaunta, na jiko unaloliona lote ukiwa umekaa. Taco moja, chapati ndogo ya mahindi iliyokunjiwa nyama, ni dola 3 na nusu. Bakuli la pozole la kumshibisha mtu aliyetoka zamu ya usiku halifiki dola 15, na kwa mji huu hiyo ni bei ya watu. Wanaokula pale ni mafundi rangi, wafagiaji wa maofisi, akina mama na watoto wao, na wapishi wa mahoteli makubwa waliokuja kupikiwa na wao. Ukimaliza kula, hakuna anayekutazama kwa jicho la kukuinua.

Kwa mtu aliyekulia Upare kama mimi, pozole haihitaji maelezo marefu. Ni mahindi meupe, makubwa, yaliyotolewa maganda na kuchemshwa pamoja na nyama mpaka yakapasuka, ndani ya supu nyekundu ya pilipili kavu. Pembeni unaletewa kabichi iliyokatwa nyembamba, figili, kitunguu, oregano na ndimu, ujitilie upendavyo. Mimi huagiza ya kuku. Siku ya kwanza nilikuwa nikiyatafuta maharage kwa kijiko, maana ulimi ulishaamua kwamba haya ni makande.

Leo nilikuwa na mzee wa Uvira, kule Kongo, ninayefanya naye kazi ghalani. Alikula kimya mpaka nusu ya bakuli, kisha akasema, "Mdogo wangu, hawa batu banajua mahindi."

Wanayajua kweli. Nimemuuliza mama mwenye mgahawa, binti yake akitutafsiria, ganda linatokaje bila kuziharibu punje. Jibu ni chokaa ya kupikia. Mahindi makavu huchemshwa katika maji yaliyotiwa chokaa, yakalala humo usiku kucha, na asubuhi yakioshwa ganda linaachia lenyewe. Tortilla, zile chapati za taco, nazo huanzia hapohapo: mahindi hayo husagwa yakiwa bado na maji, unga ukakandwa na kuokwa juu ya bapa la chuma. Kwetu kulitoa ganda ni kazi ya kinu na mchi, na mikono ya mama zetu. Mama yangu alikuwa akitia magadi kidogo ili makande yaive upesi, lakini hakuna aliyetufundisha kuyalaza mahindi kwenye chokaa.

Na chokaa si ya kulainisha tu. Mahindi yana vitamini B3, ila imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati vizuri. Chokaa huifungua, na kuongeza kalsiamu juu yake. Watu wa Meksiko ndio walioyatoa mahindi kwenye nyasi za porini, katika bonde la mto Balsas, yapata miaka 9,000 iliyopita, na maarifa hayo ya kuyapika wakayakuza wenyewe. Wareno wanatajwa kuzileta mbegu Afrika katika karne ya 16. Mbegu zilivuka bahari, chokaa ikabaki. Kaskazini mwa Italia, maskini walioishi kwa uji mzito wa mahindi waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Karibu na kwetu, mwaka 1990, maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua hivyohivyo baada ya karanga kukosekana kwenye mgao, wakabaki na mahindi. Jambo hili linaniuma kila nikilifikiria. Dawa yake ilikuwa imejulikana jikoni mwa akina mama wa Meksiko kwa maelfu ya miaka.

Kwetu mgeni wa heshima anapikiwa wali. Ugali tunaupenda, lakini tumeuweka kuwa chakula cha kila siku cha kujaza tumbo, na makande ni ya shuleni au ya siku mfuko umekauka. Pale Barabara ya 26 nimeona familia nzima imevaa nguo za Jumapili, bibi, wajukuu na wakwe, wamekuja kula mahindi. Wanayala kwa fahari. Nakipenda kitu hicho kuliko hata ladha ya pozole, nami naona sisi tumeyanyima mahindi heshima yake bure.

Vinywaji vyao pia si vigeni kwangu: juisi ya ukwaju na ya rozela, mimea miwili ya asili ya Afrika. Nimekunywa zote mbili.

Vuli ya 2025, maofisa wa uhamiaji walipofanya misako mikubwa Chicago, barabara hii ilipungukiwa na watu mchana kweupe. Wahamiaji wa kila rangi tulitembea na karatasi mfukoni. Ndiyo maana siku hizi, nikiwa na dola ya kula nje, naipeleka pale. Chakula cha bei nafuu kinapikwa na watu wanaoamka alfajiri, na mlango wao ukifungwa, sisi wa mishahara midogo hatutakuwa na pengine pa kukaa kwa amani namna hii.

Wakati wa kulipa nimemuuliza binti chokaa ya kupikia inauzwa wapi. Akanielekeza duka la jirani, nami nimeipata, pakiti ndogo ya unga mweupe iliyoandikwa "cal", na mahindi makavu mfuko mmoja. Ijumaa usiku nitayalaza. Nusu itakuwa pozole, nusu makande ya nazi na maharage. Mzee wa Uvira ameshajikaribisha, na amesema atakuja na sombe, kisamvu cha kwao.