Green Channel ya Uingereza: usiharakishe kila hatua

Tangu Mei 2009, Ofisi ya Miliki Ubunifu ya Uingereza imekuwa na utaratibu uitwao Green Channel. Ombi la hataza (patenti, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi) la uvumbuzi wenye faida kwa mazingira hutolewa kwenye foleni na kushughulikiwa mapema, bila ada ya ziada wala fomu maalumu. Unaandika barua yenye mambo mawili tu: uvumbuzi unayasaidiaje mazingira, na hatua zipi ziharakishwe.

La kwanza ni jepesi. Paneli ya sola inajieleza, sentensi moja yatosha. Kama ni mashine ya kiwandani inayokula umeme kidogo, eleza umeme unaokolewa wapi na kwa nini. Mkaguzi hana kiwango cha mazingira anachopimia, ila maelezo yasiyo na msingi atayakataa. Ombi likichapishwa, barua hiyo nayo huwa wazi kwa umma, hivyo usitie siri za kiwanda humo.

Wengi hukwama kwenye la pili. Wanaandika "tunaomba mtuharakishie", basi. Taja hatua: utafutaji wa teknolojia zilizotangulia, uchunguzi wenyewe, vyote viwili kwa pamoja, au uchapishaji. Ukitaka viwili pamoja, wasilisha Fomu 9A (ya utafutaji) na Fomu 10 (ya uchunguzi) kwa mkupuo mmoja na ulipie zote.

Uchapishaji ndio wenye mtego. Kwa kawaida ombi huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kwanza ya kuwasilishwa. Hataza haitolewi kabla ya ombi kuchapishwa, na ofisi huacha walau miezi 3 baada ya kuchapisha ili watu wengine watoe hoja zao. Kwa hiyo anayetaka hataza ndani ya mwaka hana budi kuomba uchapishaji wa mapema, na hapo huanza kulipa gharama asiyoiona.

Chukua jiko banifu. Umewasilisha Januari, ukachapishiwa Julai kwa kuomba mwenyewe. Oktoba unagundua kwamba tundu la hewa likihamishwa, moshi unapungua, nawe unawasilisha ombi jipya. Kipaumbele cha miezi 12, yaani haki ya ombi la baadaye kuhesabiwa tarehe ya ombi la kwanza, kinalinda yaliyomo kwenye karatasi za Januari tu, na tundu halimo. Chapisho lako la Julai sasa litatumika dhidi yako: mkaguzi akiona fundi yeyote angefikia tundu hilo kwa kulisoma, umelikosa. Lisingechapishwa, karatasi za Januari zingeangaliwa kwa kigezo cha upya tu (je, tundu limo humo tayari?), si cha hatua ya uvumbuzi (je, fundi angelifikia kirahisi?). Tena ombi likishachapishwa, huwezi kuliondoa ukabaki na siri yako.

Kwa maoni yangu, harakisha utafutaji mapema, soma ripoti, rekebisha madai, yaani maneno yanayotaja unachotaka kilindwe. Uchapishaji usubiri miezi 12 ipite, isipokuwa kama kuna mtu anakuiga sokoni, maana fidia yaweza kuhesabiwa tangu siku ya kuchapishwa, ingawa kesi hufunguliwa hataza ikishatolewa.

Marekani nayo ilianza mpango wake Desemba 2009, wenye masharti zaidi: madai yasizidi 20, na yanayojitegemea, yaani yasiyorejelea dai jingine, yasizidi 3. Ulifungwa 2012 nafasi 3,500 zilipojaa.

Aliyewasilisha kwanza KIPI (ofisi ya hataza ya Kenya) au BRELA (ya Tanzania) anaweza kudai kipaumbele Uingereza ndani ya miezi 12, mradi awe na anwani ya mawasiliano Uingereza, Gibraltar au Visiwa vya Channel. Ombi lililokwisha kukaa foleni nalo hupokelewa, kwa barua ileile.