Molly Johnson kapata jina

Nimemaliza kuitazama filamu ya The Drover's Wife sasa hivi na usingizi umeruka.

Leah Purcell, aliyeiongoza, ni Mwaborijini, yaani mwenyeji asilia wa Australia, mzaliwa wa Queensland. Utotoni mama yake alikuwa akimsomea hadithi hii ya 1892 ya Henry Lawson, mwandishi wa Australia: mama aliyeachwa porini na watoto, mume kaenda kuswaga mifugo.

Alipokua akaiandika upya. Mchezo wa jukwaani Sydney, 2016. Riwaya. Halafu filamu ya 2021, ambayo kaandika, kaongoza na kuigiza mwenyewe!

Kwa Lawson yule mama hana jina.

Purcell kampa: Molly Johnson. Kampa na damu ya Kiaborijini.

Yale macho yake akishika bunduki, jamani, hofu na ukali kwa pamoja!

Nani kaiona? Niambieni.