Ratiba Ndiyo Historia ya Stesheni

Wanaoandika kuhusu stesheni za mijini hupenda kusimulia matao, saa kubwa ya ukutani na jina la msanifu wa jengo. Mimi naamini historia ya stesheni imo katika ratiba yake: ni treni zipi zilizosimama pale, zilikaa muda gani, na kwa nini zikaacha kuja.

Enzi za mvuke, tabu kubwa ya stesheni zilizo mwisho wa reli ilikuwa injini. Treni ikiingia, injini yake ilibanwa kati ya mabehewa na kizuizi cha mwisho, hivyo ilibidi injini nyingine ije kufungwa upande wa pili, na ile ya kwanza haikupata njia mpaka treni iondoke. Liverpool Street, jijini London, mwaka 1920 kampuni ya Great Eastern ilipanga treni 24 kwa saa katika muda wa msongamano, zote za mvuke, kwa sababu umeme ulikuwa ghali mno. Injini ya kuondokea ilisubiri kwenye njia fupi ya pembeni, karibu kabisa na jukwaa, na treni ilitakiwa kuwa imegeuza ndani ya dakika 4 tu. Mabehewa ya daraja la kwanza yalipigwa mstari wa njano na ya daraja la pili wa buluu, abiria wasipoteze muda kutafuta pa kupanda. Sijui mpango wa mvuke uliopangwa kwa akili kuliko huo.

Dawa yenyewe ilikuwa imekwisha kupatikana Chicago mwaka 1897, pale mhandisi Mmarekani Frank Sprague alipozifanya mota za umeme zilizo chini ya mabehewa mbalimbali ziendeshwe na dereva mmoja, ambaye akifika mwisho wa reli huenda upande wa pili na kuanza safari.

Hata hivyo, umeme peke yake hauiokoi stesheni. Broad Street, jirani kabisa na Liverpool Street, ilifunguliwa mwaka 1865 na kupata treni za umeme mwaka 1916, lakini tramu, mabasi na reli za chini ya ardhi zilikuwa zimekwisha kuwavuta abiria wake. Mwaka 1985 treni zake za Richmond, magharibi mwa London, zilielekezwa stesheni ya North Woolwich, mashariki mwa jiji, na mwaka uliofuata stesheni ikafungwa. Leo mahali pake pana majengo ya ofisi.